Jogoo kutoka sanduku tupu: mwanamazingaombwe kwenye harambee ya Kakamega

Mwanamazingaombwe anayealikwa kwenye harambee hana haja ya kumkata mtu vipande viwili. Mchezo huo una zaidi ya miaka 100 tangu P. T. Selbit auonyeshe London mwaka 1921. Unadai sanduku kubwa, wasaidizi na gari la kubebea, na ukiisha watu hukaa wakijiuliza siri iko wapi badala ya kutafuta pochi. Kwenye harambee swali ni moja tu: makofi yakiisha, mikono inaenda wapi? Mtumbuizaji wa jioni hii ya Kakamega, iliyoandaliwa kuchangia dawa za watoto wenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu), aliipeleka mifukoni mara mbili. Mara moja aliirudisha nyuma. Jina lake tunaliacha, kwa kuwa mengi yaliyomo humu yatamhusu yeyote atakayekodiwa kwa kazi kama hii.

Tuanze na jogoo, maana ndiye aliyeleta pesa. Sanduku la mbao lenye ukubwa wa kreti mbili za soda lilizungushwa pande zote, mlango ukafunguliwa, mkono ukapitishwa ndani: hamna kitu. Mlango ukafungwa, kitambaa kikapita juu, ukafunguliwa tena. Jogoo mwekundu wa kienyeji akasimama pale akipepesa macho. Sanduku la namna hii lina nafasi ambayo jicho haliihesabu, na hilo tunawaachia wenye kazi yao. Yanayofaa kusemwa ni ya jogoo mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi huharibu.

Jogoo wa kilo tatu hafai. Huyu alikuwa wa kilo moja na nusu hivi, bado kijana, hajaanza kuwika kwa kujiamini. Kuku akiwekwa gizani hutulia, ndiyo maana maficho lazima yawe na giza totoro. Mwanga ukipenya atadhani kumekucha, naye atawika mchungaji akiwa katikati ya sala. Giza lakini lisiwe la kumnyima hewa: matundu yatobolewe nyuma, upande wa chini, yafunikwe kwa kitambaa cheusi chepesi. Miguu hufungwa kwa ukanda wa kitambaa laini. Kamba ya katani humchubua, na kuku anayeumia hupapatika hadi sanduku linatikisika. Asubuhi hapewi nafaka ili asimchafulie mtu suti, ila maji aendelee kupewa. Na asikae ndani zaidi ya dakika 20.

Hapa kwenye dakika 20 ndipo palipokuwa na kasoro. Jogoo aliingizwa sandukuni mgeni wa heshima aliposimama kuhutubia, na anayezijua hotuba za wageni wa heshima anajua hesabu hiyo haikuwa salama. Alipotoka alikuwa anahema mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili, dalili kamili ya kuku aliyepata joto. Hakufa, na wengi walidhani ameshtuka tu. Dawa yake ni rahisi: jogoo abaki kwenye kikapu nyuma ya pazia, aingizwe mfawidhi, yaani mwendesha sherehe, anapomshukuru mhutubu, si kabla. Hilo linahitaji msaidizi mmoja anayejua kushika kuku, na huyu bwana alikuja peke yake.

Kilichofuata kilikuwa kizuri kupita kiasi. Kupiga kuku mnada si jambo geni katika harambee za Magharibi mwa Kenya, na mbele ya Waluhya ingokho, yaani kuku, hahitaji kutambulishwa. Lakini kuku wa kawaida wa mnada huletwa kwenye mfuko, na mfawidhi hutumia dakika tano kuwachekesha watu kabla ya bei ya kwanza kutajwa. Huyu aliyetoka hewani alitajiwa bei makofi yakiwa bado yanalia. Mnunuzi wa kwanza alilipa akamrudisha kwa kamati, akanunuliwa tena, akarudishwa tena, kama ilivyo desturi. Mwanamazingaombwe alifanya jambo ambalo wenzake wengi hawaliwezi: alinyamaza. Alisimama kando amemwinua jogoo kifuani, akamwachia mfawidhi uwanja. Kitu kimoja tu kiandikwe mapema kwenye makubaliano: baada ya mnada jogoo ni wa nani? Mnunuzi wa mwisho alipomrudisha, mtumbuizaji alimtia kwenye kikapu chake na kamati ikabaki ikitazamana. Kama ameletwa na mtumbuizaji, kamati imlipe bei ya soko kabla ya onyesho na mjadala uishe.

Mchezo wa pili uliofaulu ni wa kuokota sarafu hewani. Ni wa kale: Robert-Houdin wa Ufaransa aliucheza katika karne ya 19, na T. Nelson Downs wa Marekani akaupa umaarufu mkubwa. Msanii ananyakua sarafu hewani, kwenye kiwiko, nyuma ya sikio la mtu, kila moja ikidondoshwa kwenye chombo cha chuma. Nguvu yake iko kwenye mlio. Kakamega mvua ya jioni haiombi ruhusa, na ukumbi wenye mabati yasiyo na dari chini yake huwa ngoma. Ilipoanza kunyesha, mlio wa sarafu haukufika hata meza ya tatu. Alilitatua vizuri. Wachezaji wa isukuti walikuwa wamekwisha kutumbuiza mapema, bado wamekaa na ngoma zao, naye akawaomba wapige pigo moja kila sarafu inapoanguka. Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kuitumia kwa kazi ndogo kama hii kungeweza kuwa utovu wa heshima, lakini wapigaji wenyewe walicheka na pigo likawa zito kuliko mlio wowote wa sarafu.

Chombo chake kilikuwa sufuria ya alumini isiyo na kifuniko, si ndoo ya plastiki inayomeza sauti. Sarafu zilikuwa za shilingi 20, chaguo zuri kwa sababu rangi mbili zake humeta hata mtu akiwa mbali. Kisha alishuka jukwaani, akapita mezani akiokota sarafu kwenye tai za wazee, na sufuria ikawa chombo cha mchango bila mtu yeyote kutangaza. Watu walitia noti. Ukitaka kuona mchezo unaofaa harambee, ni huo.

Ila kuna hesabu. Sarafu zake na fedha za wachangiaji ziliingia sufuria moja. Mweka hazina alipokaa kuhesabu, mtumbuizaji akaomba zake, na hakuna aliyejua zilikuwa ngapi. Kiasi chenyewe ni kidogo, lakini mtu mzima anayechukua pesa kutoka chombo cha mchango mbele ya watu haonekani vizuri, hata akiwa na haki. Njia safi ni kukubaliana kabla. Sarafu 20 za shilingi 20 ni Sh400. Mweka hazina azihesabu mwanzoni, na mfawidhi atangaze kuwa huo ndio mchango wa mwanamazingaombwe. Amelipwa ada, Sh400 hazimwumizi, na tangazo hilo huwapa wengine aibu ya kutotoa.

Sasa kasoro kubwa. Alimwomba mgeni wa heshima noti ya Sh1,000, akaikunja, akaiweka ndani ya leso, akapuliza, leso ikawa tupu. Noti ilikuja kupatikana ndani ya chungwa. Kiufundi hakuna cha kulaumu. Chungwa lilikuwa na ganda nene na kikonyo chake bado kipo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwani chungwa lisilo na kikonyo humfanya mtu mwerevu aanze kutafuta tundu. Lilikaa mezani machoni pa watu tangu mwanzo. Alilikata kuzunguka kiunoni kwa kisu kifupi kisicho na ncha kali, akayasokota mapande mawili yakaachana. Kisu kirefu kingepita katikati na kuikata noti.

Noti nayo hakuitia saini wala alama, jambo ambalo baadhi ya wasanii bado hulifanya. Kifungu cha 367A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinakataza kuharibu noti makusudi, na kwenye meza za mbele za harambee hakosi kuketi wakili au afisa wa polisi. Badala yake aliwaomba watu wawili waisome nambari ya mfululizo, mmoja akaipiga picha kwa simu. Safi.

Kosa lilikuwa la wakati na mahali. Kati ya noti kutoweka na chungwa kukatwa zilipita kama dakika kumi, akicheza na kamba na pete. Katika dakika hizo hizo mfawidhi aliona pengo, akasimama kutangaza nambari ya Paybill, ile ya kutuma pesa kwa simu. Fikiria mpangilio huo: pesa ya mgeni wa heshima imetoweka mikononi mwa mtu wa harambee, haijarudi, na sasa ukumbi unaombwa kutuma zaidi. Meza za nyuma zilisema kwa sauti yale ambayo Mkenya yeyote angesema, na kicheko chao hakikuwa cha kumfurahisha mweka hazina. Simu zilizotolewa mifukoni zilirudishwa.

Kwenye harambee, fedha iliyochangwa au inayoweza kuchangwa isitoweshwe hata kwa mzaha. Kama msanii ana mapenzi na chungwa lake, atoweshe pete ya ndoa ya mwenyekiti, au karata. Akisisitiza kutumia noti, basi irudi ndani ya dakika mbili, ikabidhiwe mwenyewe, nambari isomwe tena, na Paybill itangazwe hapo, si kabla. Mchezo bora zaidi kwa nafasi hiyo ni ule wa mfuko wenye mpini unaofanana na wa sadaka kanisani: inaingia noti ya Sh50, inatoka ya Sh1,000, na hiyo inapelekwa moja kwa moja kwa mweka hazina. Hapo pesa inakua, ndiyo picha inayotakiwa vichwani mwa watu.

Mengine kwa ufupi. Alifungua kwa karata tatu, na kabla hajafika mbali vijana wa nyuma wakapaza sauti: pata potea! Hawakukosea. Mchezo huo watu wanaujua kutoka kwa walaghai wa stendi za magari, na anayefungua nao anajitambulisha vibaya. Isitoshe, karata ya kawaida haionekani kupita meza ya nne. Pete za chuma zinazoshikana na kuachana zilionekana vizuri kwa sababu zilikuwa za sentimita 30 hivi na hazikuhitaji maneno. Huo ndio mchezo wa kuhifadhi kwa ajili ya mvua. Gazeti la Taifa Leo lililoraruliwa likarudi zima lilipendeza, ila alisimama huku taa ya jukwaa iko nyuma yake. Gazeti ni karatasi nyembamba, taa ya nyuma huonyesha kivuli cha chochote kilicho kati yake na mkono, na meza mbili za kushoto ziliona zisichopaswa kuona. Meza za duara zina tatizo hilo daima, watu wanamzunguka msanii. Zipangwe nusu duara, ya karibu iwe mita tatu kutoka jukwaani, na pembeni kusikaliwe na mtu aliye nyuma ya mstari wa mabega ya msanii.

Alisema mapema, kwa sentensi moja, kwamba anachofanya ni kiinimacho, mikono na mazoezi, si uchawi. Ilitosha. Kuna wanaoliongelea hilo robo saa hadi watu waanze kushuku, na kuna wasiolisema kabisa halafu wanamwita mtoto jukwaani mama yake akiwa ameshika Biblia. Mtoto aitwe baada ya mzazi kutikisa kichwa kukubali, na asifungwe macho.

Ada ilikuwa Sh25,000 kwa dakika 40 za jukwaani na saa moja ya kuzunguka mezani wakati wa chakula, nauli juu ya hapo, nusu ikilipwa siku ya kukubaliana. Kwa kazi hii si ghali, na mnada wa jogoo peke yake uliirudisha. Akitokea anayetaka asilimia ya mchango badala ya ada, mkatae. Wachangiaji wameambiwa pesa ni ya dawa za watoto, na mweka hazina hatakuwa na jibu akiulizwa.

Mwulize msanii kuhusu maiki kabla ya kulipa. Ya ukumbini hushikwa mkononi, na mwanamazingaombwe aliyeshika maiki amebaki na mkono mmoja. Huyu aliibana kwapani mara mbili tatu, maneno yakapotea. Aje na ya kichwani au kamati itafute kinara cha maiki. Stima ikipotea, jenereta iwe tayari kuwaka ndani ya dakika moja, kwa maana tochi za simu kutoka kila upande huanika kila kitu. Mazoezi ya ukumbini ya nusu saa, pamoja na mfawidhi na ratiba mkononi, yangezuia karibu makosa yote yaliyotajwa, na hayakufanyika. Desemba, watu wakiwa wamerudi mashambani, wasanii hawa hukubali mialiko miwili kwa siku. Chukua nafasi ya kwanza. Ya pili huanza kwa kuchelewa, msanii kachoka, na kuku ni yule yule.