Windows Vista, mfumo uliochelewa huku hela ya mteja imeshachukuliwa

Watu wengi wakitoa rivyu ya Windows Vista wanaanzia siku ilipoingia madukani, tarehe 30 Januari 2007, wanasema ilikuwa nzito, draiva (programu za kuwezesha vifaa kama printa na kadi za sauti) hazikuwepo, vile vidirisha vya kuomba ruhusa vilikuwa vinatokea kila ukigusa kitu, basi wanaweka nyota 1 wanaondoka. Mi naona rivyu ya haki ya Vista inaanzia 2001, maana mteja wake hakuanza kuumia alipoiwasha, alianza kuumia akiwa anaisubiri, na wapo walioanza kuilipia hata kabla haijapewa jina.

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001 na kabla hata haijauzwa Microsoft walikuwa wameshaitaja inayofuata, Longhorn, ndo hiyo iliyokuja kuitwa Vista. Mpango wenyewe ulikuwa mdogo tu, toleo la katikati la kutoka mwishoni mwa 2003, afu baadaye ndo lije lile kubwa waliloliita Blackcomb. Miaka miwili, hakuna ambaye angelalamika. Shida ikaanza pale vitu vilivyopangwa kwa Blackcomb vilipoanza kuhamishiwa Longhorn, kimoja baada ya kingine, toleo dogo likavimba likawa kubwa kuliko lile kubwa lenyewe. Oktoba 2003, kipindi ambacho kwa mpango wa mwanzo walitakiwa wawe wanafunga kazi, ndo kwanza wako Los Angeles kwenye mkutano wao wa madevelopa wanaitangaza: Avalon kwa ajili ya kuchora kila kinachoonekana kwenye skrini, Indigo kwa ajili ya programu kuongea na programu nyingine kwenye mtandao, na WinFS kwa ajili ya kuhifadhi mafaili.

Hiyo WinFS ndo iliyowafanya watu wakubali kusubiri. Wazo lake lilikuwa zuri kwa kweli, kwamba data zako zikae kama database, ukitafuta jina la mtu unapata barua pepe zake, picha alizomo, dokyumenti mlizoandikiana, kila kitu, bila kukumbuka ulikiweka folda gani. Mtu yeyote mwenye kompyuta iliyojaa mafaili ya miaka anaelewa kwanini watu walisema haya tusubiri, kitu cha namna hii hakiwezi kutoka haraka.

Afu tarehe 27 Agosti 2004 likaja tangazo. WinFS imetolewa, haitakuwepo Longhorn ikitoka. Avalon na Indigo zitapatikana pia kwa XP. Na tarehe ni 2006. Yani sababu kubwa ya kusubiri imeondoka, hizo nyingine mbili utazipata bila kuhama ulipo, na bado unaambiwa ongeza miaka miwili. Juni 2006 WinFS ikafutwa kabisa kama bidhaa ya kujitegemea, vipande vyake vikaenda kwenye kazi nyingine za database, na hapo ndo ilikuwa mwisho.

Kilichokuwa kinaendelea ndani tulikuja kukijua baadaye. Jim Allchin, aliyekuwa bosi wa Windows, alikuwa ameshamwambia Bill Gates katikati ya 2004 kwamba Longhorn haitawezekana ilivyo, kodi (maandishi yanayounda programu) imesukwa hovyo kiasi kwamba ukigusa huku kunabomoka kule. Ikabidi waiache ile kazi waanze upya juu ya kodi ya Windows Server 2003. Na kuna email yake ya Januari 2004 iliyokuja kutoka kwenye kesi moja huko Iowa, aliwaandikia wakubwa wenzake kwamba kama asingekuwa anafanya kazi Microsoft angenunua Mac. Baadaye alieleza alikuwa anataka kuwashtua, na mi namwamini, mtu anayejali kazi yake anaandika hivyo. Ila sasa fikiria mteja aliyekuwa anasubiri Januari hiyo hiyo 2004, yeye alikuwa anaonyeshwa maonyesho mazuri ya skrini tu, la mambo kuwa mabaya huko ndani hakuambiwa.

Kuna sehemu nawatetea na nitaisema wazi. 2003 ilikuwa mwaka mbaya sana kwa usalama wa Windows, Januari kirusi cha Slammer, Agosti kikaja Blaster, mashine zinajizima zenyewe dunia nzima. Wahandisi wengi wakatolewa kwenye Longhorn wakapelekwa kuziba matundu ya XP, matokeo yake ikawa Service Pack 2, kifurushi cha marekebisho cha Agosti 2004, ambayo ilitolewa bure na ikawasha firewall (ukuta wa kuzuia wavamizi) moja kwa moja kwenye kila mashine. Huko kuchelewa mi nakukubali kwa asilimia 100. Kama mfumo mpya unacheleweshwa ili mfumo nilionao usivamiwe, chukueni muda wenu.

Nisichokikubali ni hela.

Kati ya 2001 na 2002 Microsoft walibadilisha namna ya kuuzia makampuni leseni, wakaleta mpango unaoitwa Software Assurance, na waliokuwa wanazoea kununua apgredi kwa bei nafuu wakapewa hadi tarehe 31 Julai 2002 wajiunge. Ulikuwa unafanya kazi hivi: unalipa kila mwaka asilimia 29 ya bei ya leseni kwa programu za kompyuta za kawaida, asilimia 25 kwa seva, na toleo jipya lolote likitoka ndani ya mkataba wako ni lako bila kulipa tena. Mikataba mingi ilikuwa ya miaka mitatu. Piga hesabu mwenyewe, 29 mara tatu ni 87, yani kwa miaka mitatu umelipa karibu bei nzima ya leseni nyingine mpya, na unalipa kwa sababu moja kubwa, kwamba ndani ya hiyo miaka mitatu kitatoka kitu. Aliyesaini 2002 kwa ajili ya Windows mkataba wake uliisha 2005. Windows mpya ya ofisini haikutoka 2003, haikutoka 2004, haikutoka 2005. Makampuni yaliipata tarehe 30 Novemba 2006. Ni sawa na kulipa kodi ya nyumba ambayo fundi bado anachimba msingi, na kodi yako ikiisha unaambiwa ukitaka kuingia lipa nyingine.

Watasema waliongeza faida nyingine kwenye mpango, mafunzo, msaada wa kiufundi, baadaye na toleo la Vista Enterprise lililokuwa la wateja wa mpango huo peke yao. Sawa, vilikuwepo. Lakini watu wa IT hawakwenda kwa wakurugenzi wao kuomba bajeti ya mafunzo, waliomba bajeti ya mfumo endeshi mpya, wakataja na mwaka, kwa sababu na wao walitajiwa mwaka. Jina la mtu wa IT ndo linalochafuka pale ofisini. Yule aliyesogeza tarehe hayupo kwenye kile kikao.

Mi ndo maana sipendi mtu akiniambia softiwea zote zinachelewa, vumilia. Najua zinachelewa! Debian, mfumo endeshi wa bure, walikaa toka Julai 2002 mpaka Juni 2005 kutoa toleo lao la Sarge, karibu miaka mitatu, watu walilalamika ila hakuna aliyekuwa amelipishwa hata senti kwa kusubiri. Ubuntu 6.06, mfumo mwingine wa bure, ilitakiwa itoke Aprili 2006, mwanzilishi wake Mark Shuttleworth akaja hadharani akasema naomba wiki sita za kuisafisha kwa sababu hii tutaihudumia miaka mitatu kwenye desktop na mitano kwenye seva, watu wakajadili wakakubali, ikatoka tarehe 1 Juni. Apple nao Aprili 2007 walisema Leopard, mfumo mpya wa Mac uliotakiwa kutoka Juni, inahamia Oktoba kwa sababu wahandisi wake wamehamishiwa iPhone, wenye Mac walikasirika na walikuwa na haki ya kukasirika, maana simu imepewa kipaumbele juu yao, ila sababu ilitajwa, mwezi ukatajwa, na tarehe 26 Oktoba ikatoka kweli. Kusogeza mara moja ukaeleza kwanini, mteja anapanga upya maisha yanaendelea. Kusogezewa kila mara hadi usiamini tena tarehe yoyote, hilo linaharibu kitu kingine kabisa ambacho nitakifikia.

Tarehe 21 Machi 2006 ndo ikaja ile ya mwisho. Makampuni watapata Novemba, watu wa kawaida Januari 2007. Yani imepishana na msimu wa sikukuu wa mwisho wa mwaka, msimu ambao kompyuta zinauzwa kuliko kipindi kingine. Sasa wauza kompyuta wanafanyaje, nani atanunua laptopu Desemba akijua Januari kuna Windows mpya? Jibu likawa stika. Kompyuta ya XP inabandikwa stika ya "Windows Vista Capable", kwamba nunua sasa usiogope, Vista ikija itaingia. Masharti ya stika hiyo yalikuwa prosesa ya 800 MHz na RAM ya MB 512. Hizo zilitosha kuendesha Home Basic, toleo la chini kabisa madukani, lisilo na Aero, ile sura ya vioo iliyokuwa kwenye matangazo yote. Kupata Aero ulihitaji mashine ya daraja jingine, "Premium Ready", yenye RAM ya GB 1 na grafiki za nguvu zaidi. Mnunuzi wa kawaida anatofautishaje "Capable" na "Premium Ready" akiwa amesimama mbele ya rafu? Hatofautishi, na hakutakiwa kuwa na kazi hiyo.

2007 wateja wakaenda mahakamani huko Seattle, na email za ndani zikatoka. Meneja mmoja anaandika kabisa kwamba masharti ya grafiki yalishushwa ili kuisaidia Intel ifikishe mapato yake ya robo mwaka, maana chipu zao za 915 zisingepata stika. Mike Nash, mkubwa wa Microsoft kabisa, naye alinunua laptopu yenye stika, akaishia kuandika kwamba sasa ana mashine ya email ya dola 2,100. Nikisoma ile email namwonea huruma na nakasirika hapohapo, kwa sababu kama mtu wa ndani alishindwa kuielewa stika, mama aliyemnunulia mwanae wa chuo angeielewa vipi.

Sasa lile la kutoamini tarehe. Watengenezaji wa printa, skana, kadi za grafiki na sauti wote wanatakiwa waandike draiva mpya kabla mfumo haujatoka, na Vista ilibadilisha mpangilio wa draiva za grafiki na za sauti kabisa. Ukishamsogezea mtu tarehe mara kadhaa, ukaitupa kodi aliyokuwa anaijaribia, hawezi kukuwekea wahandisi wake mezani mapema tena, atasubiri aone kama kweli safari hii unatoa. Basi mfumo uliochelewa miaka mitatu ukafika na draiva mbichi. Kwenye hesabu moja ya Microsoft ya 2007 iliyoonekana kwenye ile kesi, karibu asilimia 29 ya krashi za Vista zilitokana na draiva za Nvidia, watengenezaji wa chipu za grafiki, peke yake. Mtu anakuuliza kwanini uchelewe miaka yote hiyo afu bado uwe mbichi, mi naona ulikuwa mbichi kwa sababu ulichelewa namna ile.

Bidhaa yenyewe? Sio mbaya kama inavyosemwa. Usalama ulikaa vizuri kuliko XP, kisanduku cha kutafuta kwenye menyu ya Start ni kitu kizuri mpaka leo, na baada ya Service Pack 1 ya 2008, kwenye mashine yenye GB 2 za RAM, ilikuwa inaendeshika bila kero. Matoleo sita yalikuwa mengi mno, na Ultimate ya dola 399 iliuzwa kwa ahadi ya nyongeza maalum zilizokuja chache mno, ahadi nyingine tena. Msingi wake ndo uliozaa Windows 7, na timu ya Windows 7 chini ya Steven Sinofsky ilifunga mdomo, haikutangaza vitu mpaka viwe vinafanya kazi, ikatoka tarehe 22 Oktoba 2009, chini ya miaka mitatu.

Natoa nyota 2. Ya kwanza ni ya usalama, ya pili ni ya wahandisi waliokubali kuanza upya wakaimaliza. Ya tatu ningeitoa kama wateja wangerudishiwa chochote. Februari 2009 jaji aliondoa hadhi ya pamoja kwenye ile kesi ya stika, kila mwenye laptopu yake akabaki adai peke yake, na ilipotoka Windows 7 miezi minane baadaye, ofa ya mwanzo ikiwa imeshaisha, apgredi ya Home Premium kutoka Vista ilikuwa dola 119.99.