TAHADHARI: Tapeli wa modeli za magari, ameniuzia "Volvo ya Joginder"

Wakuu, nimeingizwa mjini, na sitaki kusikia "si tulikwambia".

Diorama yangu (mandhari ya modeli ndogo) mnaijua. Mbio za magari za Safari, Pasaka ya 1965, Volvo PV544 ya dereva wa Kenya Joginder Singh na nduguye Jaswant, namba 1 mlangoni, imenasa matopeni. Udongo mwekundu nimeuchekecha kwa chujio la chai nikaukoroga na gundi nyeupe, umeshakauka. Wasukumaji nao wameinama pale wanasukuma hewa. Limebaki gari tu.

Huyu mtu alinifuata mwenyewe inboksi. Swali lake la kwanza: "Unataka 444 au 544, mkuu? Maana 444 kioo cha mbele ni vipande viwili, 544 ni kimoja kilichopinda." Tapeli gani anajua hayo? Akaongeza kwamba gari lile Joginder alilipata likiwa limeshatumika, lilikimbia Safari ya 1964 na dereva mwingine. Kweli tupu! Akatuma picha za boksi, vipande vya resini, stika za maji. Hata ninyi mngelipa.

Laki na themanini. "Weka na ya kutolea, kuna mteja wa Kampala anaisubiri." Nikaweka.

Na mzigo ulikuja kwa basi, ndicho kinachoniuma! Nikaufungua pale pale stendi. Selotepu, gazeti, gazeti, tena gazeti, halafu kijigari cha plastiki cha watoto, Volkswagen ya mgongo wa kobe, hakifiki urefu wa kidole changu cha kati. PV544 ya skeli ya 1:24 inatakiwa ikaribie sentimita 18! Mlangoni kabandika kikaratasi, kaandika namba 1 kwa peni ya bluu. Mpiga debe akachungulia: "Zawadi ya mtoto hiyo, bro?" Watu wakacheka.

Nikampigia. Jibu lake: "Hata hiyo ilishinda Safari, mkuu, 1962." Kisha bloku. Na kweli ilishinda, mshenzi yule!

RB ya polisi nimechukua, namba ya simu ya tapeli nimeituma 15040, kule kwa kuripoti matapeli. Mtu kama huyu asipewe hata dhamana, akae ndani mpaka resini imuote kichwani. Laana ya jasho langu imfuate.

Dalili? Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lile alilojitambulisha. Nikimwambia tupigiane video, anasema kamera mbovu, huku picha zinamiminika. Na picha ya boksi, jamaa yetu wa Moshi anasema alishaiona kwenye mnada wa Ulaya (angeniambia mapema basi!). Mengine hasira zimenisahaulisha. Afungwe tu.

Mwenye PV544 halisi ya 1:24, nipo Arusha, tuonane ana kwa ana. Hela utaiona nikishashika kioo cha mbele kwa mkono wangu.