Fundi wa haibridi Industrial Area: kazi safi, saa hana

Toyota Aqua yangu, gari la haibridi (petroli na umeme), ilichemka nikitoka Mlolongo, hedi (kifuniko cha juu cha injini) ikapinda. Duka moja la vipuri huko Grogan, Nairobi, likaniuzia injini "safi kutoka Japani". Wiki ya tatu ikaanza kunywa oili kama mlevi wa mwisho wa mwezi, na muuzaji hashiki simu.

Jirani akanipeleka kwa fundi huyu. Alifungua injini zote mbili mezani, akanionyesha kipi kizima: bloku na pistoni za injini yangu, hedi ya ile ya Grogan baada ya kuchongwa sawa. Mimi, kwa ubahili, nikauliza kama tungeweka pistoni za Toyota Probox ya petroli tupu. Akacheka. "Bosi, injini ya Probox inabana hewa na petroli 10.5 kwa 1. Hii ya haibridi inapita 13. Ukichanganya hapo umenunua mkokoteni." Pampu ya maji alininunulia mpya, ya Aqua inaendeshwa na umeme, haina mkanda, ikizima hujui mpaka imechemka. EGR, njia inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, ilikuwa imeziba masizi tititi, akaiosha mbele yangu. Na boliti za hedi alikaza kwa spana ya kipimo, si kwa misuli.

Sasa lawama. Siku nne zilikuwa kumi na moja, risiti niliidai mara mbili, na kiti cha kungojea ni tairi.

Nililipa elfu 74, vipuri ndani. Huu ni mwezi wa nane tangu hapo, napiga teksi Thika Road, oili haijashuka, na maji nakagua kila Jumapili, maana woga haujaniisha.