Kimea cha busaa: cha sokoni au cha kuotesha mwenyewe?

Ukirudi kupika busaa, pombe ya kienyeji ya unga wa mahindi na kimea, baada ya miaka mingi, sufuria na karai vitakuwa bado vizima. Kimea cha zamani, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, kitupe. Kinachokusumbua ni kipya utakipata wapi.

Cha sokoni, tuseme Kibuye hapa Kisumu, ni haraka: unanunua asubuhi, jioni umeshachanganya. Tatizo ni kwamba huoni umri wake. Kipime kabla ya kuharibu unga: chukua kikombe cha uji mzito wa vuguvugu, koroga kijiko kimoja cha kimea, ungoje nusu saa. Uji ukilegea na kuwa mtamu, kimea ki hai. Ukibaki mzito, usikinunue tena. Uji usiwe wa moto sana, maana joto kali huua kimea na utamlaumu muuzaji bure.

Cha nyumbani huchukua kama siku sita. Loweka wimbi (ulezi) kutwa kucha ukibadilisha maji, chuja, tandaza kwenye gunia lenye unyevu, tabaka jembamba lisilozidi kina cha kidole kimoja. Likiwa nene hupata joto katikati na kuota ukungu. Hapo mwaga lote, usichague. Vichipukizi vikichomoza, anika mpaka punje zikatike kwa meno, kisha saga. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa usiziguse kabisa.

Jua la Kisumu hukausha upesi. Kakamega, msimu wa mvua, mimi ningenunua tu.