Tuanze kumhifadhi yupi: Žemaitukas au farasi mzito wa Lithuania?

Wote wawili ni farasi wa Lithuania, na wote ni adimu. Yule mzito ni wa kuvuta mizigo na plau. Alipatikana kwa kumchanganya Žemaitukas na Ardennes wa Uswidi (aina ya farasi mzito wa kuvuta mizigo), akatambuliwa rasmi mwaka 1963. Matrekta yakamnyang'anya kazi.

Žemaitukas ni mdogo, begani kama sentimita 130 hadi 140, lakini mvumilivu ajabu. Kwa karne nyingi alibeba wapiganaji vitani. Kufikia 1994 walibaki 30 hivi tu! Kundi dogo hivyo huishia kuzaana ndugu kwa ndugu, hivyo kila dume lazima achaguliwe kwa kufuata nasaba.

Ningeanza kumhifadhi Žemaitukas. Yeye ndiye mzazi, na akitoweka, yule mzito hawezi kumzaa upya.