Kujitolea kwa familia inayojenga kwa udongo: nyumba ipi ya kwenda, ipi ya kuacha

Familia inajenga nyumba ya udongo kijijini. Wewe unakwenda kukaa nao wiki kadhaa, unafanya kazi saa chache kila siku, nao wanakulisha, wanakupa pa kulala na kukufundisha. Mshahara hakuna. Huo ndio mpango wote, na mitandao ya kuwakutanisha wageni na wenyeji ipo siku nyingi. WWOOF ilianzia Uingereza mwaka 1971 kwa ajili ya watu wa mjini waliotaka kushinda mwisho wa juma shambani. Mpaka leo imeelemea kilimo hai, kwa hiyo ujenzi huko huwa kazi ya pembeni. Workaway inapokea wenyeji wa kila aina, na kiwango chake ni kama saa 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki.

Tunaupa mpango huu nyota nne kati ya tano kwa mtu anayetaka kuujua udongo kwa mikono yake. Nyota moja tumeikata kwa sababu ubora wote unategemea nyumba utakayofikia, na tangazo peke yake halikuonyeshi hilo. Nyumba nzuri haitambuliwi kwa mandhari wala kwa picha za watu wanaocheka huku wamepakaa tope. Inatambuliwa kwa jambo moja: watakuacha uchanganye mwenyewe, upime, ukosee na urekebishe, au watakufanya mbeba ndoo tangu siku ya kufika mpaka ya kuondoka?

Kabla ya yote, uliza kuta zimefika wapi. Kuta za udongo unaokanyagwa pamoja na mabua, zile ambazo wajenzi huziita kobu, huwa na unene wa sentimita 45 hadi 60, na tabaka moja hupanda sentimita 30 hadi 45 tu. Ukizidisha, tope la chini ambalo halijashika huanza kutuna ubavuni, na kesho yake kazi yenu ni kukata na kubomoa. Ukuta ukishafika juu, bado unahitaji miezi kadhaa ya kukauka kabla ya lipu ya mwisho. Kwa hiyo hakuna mgeni wa wiki tatu atakayeona nyumba ikianza na kuisha. Anayefika wakati wa msingi atachimba mtaro na kupanga mawe. Anayefika wakati wa lipu huenda asikanyage tope hata siku moja. Kwa anayeanza kabisa, wakati mzuri ni kuta zikiwa kati ya magoti na kifua. Akikaa wiki tatu au nne atachanganya, atapandisha, atanyoosha, na akibahatika atakandika kipande cha ukuta kilichotangulia kukauka.

Mwenyeji anayejua kazi utamtambua kwa chupa. Anachukua chupa ya kioo, anaijaza udongo theluthi moja, anaongeza maji mpaka karibu na mdomo na chumvi kidogo, anatikisa kwa nguvu, kisha anaiweka mahali ambapo haitaguswa. Mchanga hutuama ndani ya dakika moja au mbili. Silti, yaani chembe laini kuliko mchanga lakini kubwa kuliko za mfinyanzi, hufuata taratibu kwa saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi hubaki umeelea na kuyatia maji ukungu hata siku nzima au zaidi. Matabaka yakishatulia, anayapima kwa rula. Mchanganyiko wa kobu unataka mfinyanzi wa asilimia 15 hadi 25, na sehemu kubwa ya kilichobaki iwe mchanga mkali wenye pembe. Mchanga laini wa mviringo haufai, kwa sababu chembe zake huteleza badala ya kung'ang'aniana.

Adui hapa ni silti. Ukiitazama na kuigusa utadhani ni mfinyanzi, lakini haina gundi, na ukuta wenye silti nyingi hupukutika kwa mvua ya kwanza inayoupiga. Kuitofautisha si kazi ngumu. Loanisha udongo, uminye kati ya kidole gumba na cha shahada utoe utepe. Mfinyanzi hutoa utepe mrefu unaoning'inia, na ukikaukia mkononi hautoki mpaka uusugue kwa maji. Utepe wa silti hukatika mapema, na mkono ukikauka unakung'uta tu inatoka kama unga. Kipimo cha tatu ni donge la ukubwa wa ngumi, unaloliachia lianguke kutoka usawa wa kifua. Likitandazika, maji yamezidi. Likisambaratika, mfinyanzi ni mchache au mchanganyiko umekauka mno. Likikaa na umbo lake na nyufa chache, endeleeni. Mwenyeji anayekuambia udongo wao ni mzuri, halafu hana kipimo hata kimoja cha kukuonyesha, anajenga kwa kubahatisha na wewe utajifunza kubahatisha.

Kuchanganya ndiyo shule yenyewe. Mnatandika turubai la kama mita 2.5 kwa 3, mnamwaga ndoo mbili za mchanga na moja ya udongo wenye mfinyanzi mwingi (uwiano unatokana na chupa, usiukariri), mnachanganya vikiwa vikavu kwa kuvuta pembe za turubai, kisha maji kidogo kidogo. Kanyaga kwa kisigino, ukikizungusha kidogo kila unaposhuka. Nyayo bapa hazichanganyi kitu, zinasawazisha tu. Kila baada ya dakika chache shika ukingo wa turubai na uuvute kuelekea upande wa pili, kama anayekunja mkeka, ili tope la chini lije juu. Tope likianza kujikunja gogo zima bila kumeguka, nyunyiza mabua huku ukiendelea kukanyaga. Yanyunyize machache machache, maana yakimwagwa kwa mafungu hukaa mafungu ndani ya ukuta na kuacha sehemu dhaifu. Utajua yametosha ukivuta kipande na kukiona kinagoma kuachana na wenzake. Kosa la kila anayeanza ni maji: yanarahisisha kukanyaga leo na kuleta nyufa kesho, kwa sababu kila tone linapoondoka ukuta unasinyaa.

Tazama pia jinsi tope linavyosafirishwa. Ndoo ya lita 20 iliyojaa tope hupita kilo 30. Mwenyeji makini hujaza nusu na kupanga watu msururu wa kupokezana. Pale ambapo kila mgeni anabeba ndoo iliyojaa kutoka shimoni mpaka juu ya ngazi, migongo itaisha kabla ya ukuta.

Kupandisha kuna mambo matatu ambayo hayasameheki yakiachwa. Tabaka la jana liloanishwe kabla ya jipya kuwekwa. Sehemu ya juu ya kila tabaka itobolewe matundu kwa kidole gumba au kijiti, ili linalofuata liingie na kushika. Na timazi (kamba yenye uzito ya kupimia wima) ishushwe kila mara, kwa sababu macho hudanganya kwenye ukuta mnene. Kunyoosha hufanyika ukuta ukiwa umeshika lakini bado unakatika, kwa msumeno wa zamani au panga. Ukichelewa siku mbili wakati wa jua kali, utakuwa unachonga jiwe.

Zunguka nyumba. Chini kuwe na msingi wa mawe ulioinuka sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi. Juu, paa lililotoka nje ya ukuta angalau sentimita 60. Ukikuta kuta za udongo zimepigwa lipu ya saruji, shtuka. Saruji haipumui kama udongo. Maji hupenya kwenye ufa mdogo, hukosa njia ya kutoka, na ukuta hulainika kwa ndani huku nje kukionekana salama, mpaka lipu inapoanguka vipande vipande na udongo. Familia iliyofanya hivyo inaweza kuwa na moyo mzuri sana, lakini si mahali pa kujifunzia.

Lipu ya udongo ndiyo kazi tunayoipenda kuliko zote, na wageni wengi huiharakisha. Kabla ya kukandika chumba, jaribu vipande vya sentimita 30 kwa 30 kwenye ukuta wenyewe: udongo kwa mchanga, moja kwa moja, moja kwa mbili, moja kwa tatu, kila kimoja kikiandikwa uwiano wake. Viache vikauke kabisa. Kilichopasuka kina mfinyanzi mwingi. Kinachoacha vumbi kwenye kiganja ukikipitisha kina mfinyanzi mchache. Kilicho katikati ndicho chenu. Tabaka la kwanza linaweza kufika sentimita 2 au 3 na liwe na mabua yaliyokatwakatwa. La mwisho ni milimita 3 hadi 5, udongo uliochekechwa. Kuchekecha udongo mkavu hutoa vumbi lenye silika linaloharibu mapafu, kwa hiyo barakoa si hiari.

Chokaa inahitaji tahadhari kubwa zaidi. Chokaa ambayo haijazimwa, yaani haijachanganywa na maji, huchemka inapokutana na maji, na kanuni haigeuzwi: chokaa ndiyo inayotiwa ndani ya maji, taratibu. Maji yakimwagwa juu ya chokaa hulipuka na kuruka usoni. Hata iliyozimwa huunguza macho na ngozi. Miwani ya kazi, glavu ndefu na maji safi mengi viwe pembeni kabla ya mfuko kufunguliwa. Ikiingia jichoni, osha mfululizo kwa dakika 15 au zaidi na nenda hospitali. Ukiona watu wanazima chokaa bila miwani, kataa kazi hiyo bila kuona haya. Vivyo hivyo kwa sakafu ya udongo inayomaliziwa kwa mafuta ya kitani. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa hupata joto yenyewe na kuwaka moto. Yatandazwe nje yakauke, au yazamishwe kwenye maji.

Tukija kwenye kuishi pamoja, tofautisha familia na jumuiya. Kwa familia, nyumba ni yao na neno la mwisho ni lao, usitarajie kura. Kwenye jumuiya kuna vikao, na kikao cha kuamua bomba lipite wapi kinaweza kula jioni nzima. Sisi tunaona mgeni wa mara ya kwanza anafaa zaidi kwa familia, kwa kuwa anajua nani wa kumuuliza. Ugomvi mwingi hauanzii kwenye ujenzi, unaanzia jikoni. Je, kupika na kuosha vyombo kunahesabiwa ndani ya zile saa 5? Kama zamu hazijaandikwa mahali, huishia kwa wale wale wawili wenye aibu ya kukataa. Chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani ni haki, hata kikiwa kidogo namna gani. Kama kuna watoto, uliza wazi nani anawaangalia, maana kulea si ujenzi.

Choo cha mboji kinakueleza mengi kuhusu nidhamu ya nyumba. Kila anayekitumia anafunika kwa vumbi la mbao au majani makavu, na rundo likitunzwa vizuri hupanda joto kupita nyuzi 55 kisha hupumzishwa mwaka mzima kabla ya kutumika. Kikinuka, ama watu hawafuniki au kuna unyevu mwingi. Kasoro zote mbili hurekebishika kwa siku moja, na ikiwa hakuna anayejishughulisha, hata turubai la kufunika ukuta mvua ikija litasubiri mtu.

Makaratasi yasikupite. Nchi nyingi huhesabu kazi ya kulipwa chakula na malazi kuwa ni kazi, na viza ya utalii haitoshi. Uliza ubalozi, usitegemee neno la mwenyeji. Soma bima yako kama inagusa kazi ya mikono na ya juu ya jukwaa. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na muda. Nauli ya kurudi ikae mfukoni mwako muda wote, si kwa mtu mwingine. Na mwenyeji akidai ada ya mafunzo juu ya saa 5 za kazi kila siku, aonyeshe ratiba na jina la fundi anayefundisha.

Ujumbe wa kwanza kwa mwenyeji uwe mfupi, lakini usiache haya: kuta zimefika wapi, nani anafundisha, mmepimaje udongo, saa ni ngapi na jikoni kunahesabiwaje, nitalala wapi na mlango unafungwaje, siku ya mapumziko ni ipi, na naweza kuzungumza na wageni wawili waliopita? Pendekeza wiki moja ya majaribio kwa pande zote mbili. Jibu la kuta hata likichelewa mvumilie, huenda yuko shimoni. Asipojibu la saa na la mlango, tafuta nyumba nyingine.