Uchambuzi wa Tamas (1988): mapenzi na hamu ya nyumbani kabla mpaka haujachorwa

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo tunachambua Tamas, tamthilia ya India iliyorushwa na televisheni ya taifa ya huko, Doordarshan, Januari 1988. Ina dakika 298, yaani zimebaki mbili tu itimie saa tano. Tamas maana yake ni giza. Mwongozaji ni Govind Nihalani, na kisa kimetoka katika riwaya ya Bhisham Sahni ya mwaka 1974.

Anayetafuta tamthilia ya mapenzi ya wakati India inagawanywa kuwa nchi mbili, India na Pakistan, kwa kawaida huelekezwa kwenye Dastaan ya Pakistan, ya mwaka 2010, yenye vipindi 23, ambamo wamo Fawad Khan na Sanam Baloch. Ni kazi nzuri. Wachumba wapo, ahadi zipo, na machozi yatakutoka. Ila mimi naomba uanze na Tamas, na nitakueleza kwa nini. Humu hutaona wapenzi wakiambiana maneno matamu. Penzi utalijua kwa kuangalia nani amembeba nani mgongoni, nani ametangulia gizani kuipima njia, na nani ameshika ufunguo.

Kwanza tuelewane kuhusu tarehe, maana hapa wengi hupotea. Pakistan na India zilipata uhuru tarehe 14 na 15 Agosti 1947. Mwanasheria Mwingereza Cyril Radcliffe, aliyepewa kazi ya kuchora mpaka, alifika India mwezi Julai mwaka huohuo, akiwa hajawahi kukanyaga nchi ile. Mstari wake ulitangazwa tarehe 17 Agosti, watu wakiwa wameshapandisha bendera. Sasa Tamas inasimulia siku chache tu za kabla ya hayo yote, ikichota katika ghasia za Waislamu, Wahindu na Masingasinga za Machi 1947 katika wilaya ya Rawalpindi, jimbo la Punjab. Kwa hiyo usisubiri treni zilizojaa maiti, wala usisubiri mtu avuke mpaka. Mpaka haupo bado! Watu wanaachana na majirani zao bila kujua kwamba wanaachana moja kwa moja. Wanafunga virago kama mtu anayekimbia mafuriko, akitumaini maji yatapungua arudi. Hamu ya nyumbani katika tamthilia hii inaanzia hapo.

Kisa kinafunguka kwa Nathu, mchuna ngozi maskini, anayeigizwa na Om Puri. Mwenye tenda mmoja mjini (huyo ni Pankaj Kapur) anamwambia Nathu kwamba daktari wa mifugo anahitaji nguruwe, na anampa noti ya rupia tano. Nathu hajawahi kuua nguruwe. Usiku kucha anahangaika na mnyama yule katika kibanda chenye taa moja, na kamera haimhurumii wala haituhurumii sisi. Wengi huzima hapa kwa sababu mambo yanakwenda taratibu mno. Usizime. Kulipopambazuka mzoga unakutwa kwenye ngazi za msikiti, na ghasia zinazuka. Yule bwana wa noti hataguswa na lolote.

Nathu anaanza kushuku kwamba nguruwe ni yuleyule. Mke wake Karmo, anayeigizwa na Deepa Sahi, ni mjamzito. Hapa mtazame Om Puri mabega, uso uache kwanza. Anaingia nyumbani akiwa amejikunja, anakaa mbali na mkewe kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Na Karmo anapokuja kuujua ukweli, hamgombezi. Anamwambia wewe hukujua. Nimeyatazama mazungumzo ya wale wawili mara nyingi, na sijaona katika tamthilia za mapenzi jambo zito kuliko mke kuamua kuubeba mzigo wa dhambi ambayo mumewe alitegewa. Baadaye wanakimbia mji. Nathu amembeba mama yake mzee mgongoni, Karmo anafuata na tumbo lake. Mama anafia njiani, na Nathu anamchoma moto kwa mila za Kihindu hukohuko porini, bila ndugu wala kuhani.

Upande wa pili kuna wazee wawili, Harnam Singh na mkewe Banto, Masingasinga pekee katika kijiji cha Waislamu. Wana kiduka cha chai. Rafiki yao Karim Khan anawaonya waondoke, maana watu wa nje wanakuja na yeye hataweza kuwazuia. Anayeigiza Harnam ni Bhisham Sahni mwenyewe, mwandishi wa riwaya, mzaliwa wa Rawalpindi mwaka 1915. Wala hakuwa mtu wa kujipachika tu kwenye picha. Anatembea kama mtu aliyewajua watu hao. Banto ni Dina Pathak. Tazama wanavyotembea usiku: hawashikani mikono, ila hatua zao zinalingana, ndoa ya miaka mingi unaiona miguuni.

Wanabisha hodi kwenye nyumba ya mwanamke Mwislamu, Rajo. Huyu ni Surekha Sikri, na kwa kazi hii alipata Tuzo ya Taifa ya Filamu ya India ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Anawapa hifadhi huku mumewe na mwanawe wako nje wanapora. Wanaume wanarudi na sanduku kubwa la wizi, wanataka kulivunja kufuli. Sanduku ni la Harnam na Banto. Na ufunguo wanao wao! Wanautoa, kufuli lisivunjwe. Hebu fikiria: umeacha kila kitu, ufunguo umeuchukua kwa sababu moyoni bado unaamini utarudi kufungua. Ukiukabidhi, umekiri kwamba hurudi. Hakuna anayelia kwa sauti katika chumba kile, na Rajo anaangalia chini. Kama una muda wa kutazama nusu saa tu ya Tamas, tazama nyumba ya Rajo, tangu hodi mpaka anapowatoa nje gizani.

Nihalani naye alizaliwa Karachi mwaka 1940, na familia yake ikahamia upande wa India mwaka 1947. Huenda ndiyo maana kamera yake inakaa sana kwenye vitu vya nyumbani. Katika riwaya Nathu anapotea mapema katika masimulizi. Nihalani ndiye aliyeifanya njia ya Nathu na Karmo ikutane na ya wale wazee. Uamuzi huo umeifaa sana tamthilia, kwa sababu mjane mtarajiwa anapata wa kumshika mkono.

Sasa kasoro, maana zipo. Ofisa wa Kiingereza Richard na mkewe wanaongea mazungumzo marefu yaliyokauka, kama hotuba za darasani. Unahitaji kujua serikali iliweza kuzuia na haikuzuia, lakini jambo hilo lingeelezwa kwa theluthi ya muda ule. Pili, wanasiasa wa mjini wanaletwa kwa mkupuo. Ukichanganyikiwa, shika alama hizi: kofia nyeupe ya kitambaa ni Congress, chama kilichopigania uhuru, kilemba na ndevu zisizokatwa, na jina la Singh, ni Singasinga, wanaodai Pakistan ni wa Muslim League, chama cha Waislamu.

Tatu ni tukio la kisimani. Masingasinga wamejifungia katika gurdwara, hekalu lao, wamezingirwa. Wanawake, wakiongozwa na Jasbir, binti wa Harnam na Banto, wanajitupa kisimani wasikamatwe. Jambo hili lilitokea kweli katika kijiji cha Thoa Khalsa, Machi 1947, ambapo wanawake wapatao tisini walikufa hivyo. Nihalani amelipiga picha kwa uzuri mwingi mno, na hapo ndipo tunapokosana naye. Ule mwendo wa pamoja na dua zile vinalifanya tukio lionekane kama ibada, na sura ya mwanamke mmoja anayeogopa, asiyetaka kufa, haipewi muda wake. Aliyekuwemo pale bila shaka aliogopa.

Ipo pia sehemu ya kijana anayefundishwa ukatili kwa kuchinjishwa kuku, ili baadaye mkono usitetemeke. Watoto wasiwepo. Kwa ujumla sishauri chini ya miaka kumi na sita.

Kuhusu nakala. Hakikisha inafika karibu dakika 298. Ikiwa na saa mbili au tatu, imekatwa, na mara nyingi kinachokatwa ni zile sehemu za ukimya nilizozisifia. Picha ilitengenezwa kwa televisheni za zamani, karibu mraba, kwa hiyo acha michirizi myeusi pembeni. Ukiivuta ijaze skrini nyuso zinapanuka, na uigizaji wa Surekha Sikri wote uko usoni. Matukio ya usiku ni meusi sana: zima taa ya chumba, ongeza mwanga wa skrini, na usitazamie simu juani. Gawa kwa siku tatu. Ukianza nyumba ya Rajo au gurdwara, maliza siku hiyohiyo.

Lugha ni mchanganyiko wa Kihindi, Kiurdu na Kipunjabi, kwa hiyo utahitaji maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Hata hivyo sikio la Mswahili halitakuwa geni kabisa, maana dukan, chai, duniya na waqt ni duka, chai, dunia na wakati. Na kwa walioko Kenya na Uganda, wengi wa vibarua waliojenga reli ya Mombasa kuanzia 1896 walitoka Punjab, jimbo hilihili lililokatwa vipande viwili. Gurdwara ya Makindu unayoipita barabara ya Mombasa ni ya watu ambao ndugu zao walikuwa kule.

Ilipoanza kurushwa, kesi ilifunguliwa ili isimamishwe. Majaji wawili wa Mahakama Kuu ya Bombay waliitazama yote, wakaruhusu iendelee, na Mahakama ya Juu ikaafiki. Naikubali hukumu hiyo. Humu hakuna dini inayotukanwa. Kila upande una mtu wa kufungua mlango na mtu wa kushika panga.

Asiyetaka kujua mwisho aishie hapa. Nathu anatoka gurdwara kwenda kwenye mazungumzo na waliowazingira, na harudi. Karmo anamsubiri. Anafika kambi ya wakimbizi pamoja na wale wazee bado akimtafuta kwa macho katika kila kundi linaloshuka, mpaka anapouona mwili wake. Uchungu unamshika palepale. Vaa spika za masikioni kwa dakika hizo za mwisho, kwa sababu Nihalani hakuonyeshi mtoto kwanza. Unasikia kilio chake kichanga, halafu kutoka nje zinaingia kelele za makundi mawili, moja likimtaja Mungu kwa Kiarabu na jingine likimwita Mahadev, yaani Shiva, mungu wa Wahindu, na kilio cha mtoto kiko katikati yake.